Wakuu, H yangu inakwenda kinyume. Tunapima nini hasa tunapopima uchangamani wa nafsi?

#1 KadiMezani (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Naandika tasnifu ya uzamili ya saikolojia na nimekwama mahali ambapo naona aibu kumrudia msimamizi wangu mara ya pili.

Mada yangu ni uchangamani wa dhana ya nafsi. Kwa wasioifahamu: kuna mtu ukimuuliza yeye ni nani, jibu ni moja tu, kazi yake. Mwingine atakwambia yeye ni mzazi, ni mchezaji, ni mtu wa ibada, ni rafiki wa fulani, na katika kila sura ana tabia zake. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Patricia Linville alisema huyu wa pili hayumbi ovyo, kwa sababu kazi ikimharibikia, sura nyingine zinabaki zimesimama. Ndiyo ile hoja ya kutoweka mayai yote kwenye kapu moja, na aliitia hadi kwenye kichwa cha makala. Mwaka 1987 akawapima wanafunzi 106 mara 2, wiki 2 zikipita katikati, akaona kwamba matukio ya msongo yalipowakuta, wenye nafsi changamani hawakupata sonona na dalili za maradhi kama wenzao.

Njia yake nimeifuata kama ilivyo. Kadi 33, kila moja ina sifa moja. Mshiriki anapanga mafungu yanayoeleza maisha yake: idadi anayotaka, sifa moja inaruhusiwa kukaa mafungu mawili au zaidi, na si lazima amalize kadi zote. Kisha unakokotoa H, namba ya uchangamani; ikiwa kubwa, nafsi inahesabiwa kuwa changamani zaidi:

H = log₂ n − (1/n) Σ nᵢ log₂ nᵢ

n ni idadi ya kadi, nᵢ ni idadi ya kadi zenye mpangilio mmoja wa mafungu, yaani zilizowekwa kwenye mafungu yaleyale.

Sasa kasheshe. Kwangu mimi wenye H kubwa ndio wenye sonona zaidi. Msimamizi aliangalia jedwali kwa dakika moja hivi akasema, "Kuna mahali umegeuza alama, kaingize data upya." Nimeingiza upya mara 3. Hakuna nilichogeuza. Naombeni macho yenu.

#2 Kimyakimya

Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kiti.

#3 Dodoso_Refu

Mkuu pole. Kabla ya hesabu, naomba nikuulize: sonona ulipima lini? Siku ileile ya kadi?

#4 KadiMezani

Siku ileile. Dodoso la sonona kwanza, kadi baadaye.

#5 Dodoso_Refu

Basi una matatizo mawili kabla hatujafika kwenye fomula.

La kwanza, nadharia haisemi kwamba mwenye nafsi changamani ana furaha kuliko mwenzake. Inasema msongo ukija, unamuumiza kidogo. Hayo ni maneno mawili tofauti. Ili uyaone unahitaji kipimo cha matukio ya msongo, unahitaji kupima mara mbili, na kwenye uchambuzi unatafuta H ikishirikiana na msongo, si H peke yake. Wewe umepima mara moja na umetafuta H peke yake, kwa hiyo swali la Linville hujaliuliza bado.

Na watu husahau nusu ya makala ya 1985. Pale hoja ilikuwa ni kuyumba kwa hisia, kwenda pande zote mbili. Mwenye sura chache akishindwa anaanguka sana, na akifaulu anapaa sana. Mwenye sura nyingi hapai hivyo. Hiyo "kinga" ina bei yake.

La pili, mtu anayetoka kujibu maswali ya huzuni kisha unampa kadi, unategemea achague kadi zipi?

#6 KadiMezani

Dah. Hilo la mpangilio sikuliwaza kabisa.

#7 Jiwe_la_Kusagia

Mimi nitasema ukweli hata mkinitukana. Mtu hapimwi kwa karata. Unampa mtu kadi 33 ulizoziandika wewe, anazigawa mezani nusu saa, halafu unasema umeona ndani yake. Umeona jinsi anavyogawa kadi.

#8 Bi_Takwimu

Jiwe, leo umepiga pale pale ingawa nadhani umelenga kwingine. "Umeona jinsi anavyogawa kadi" ndiyo lawama iliyoandikwa kitaalamu dhidi ya H kwa miaka mingi. KadiMezani, chukua kalamu, tufanye na kadi 8 badala ya 33 ili hesabu zikae kichwani. Log₂ ya 8 ni 3, ya 4 ni 2, ya 2 ni 1. Zipe kadi namba 1 hadi 8.

Mtu wa kwanza ana mafungu 2, la kazini na la nyumbani. Kazini kaweka 1, 2, 3, 4. Nyumbani 5, 6, 7, 8. Hakuna kadi iliyorudiwa wala iliyobaki. Mipangilio iko miwili: kadi 4 za kazini tu, kadi 4 za nyumbani tu. Kila 4 inatoa 4 × 2 = 8, jumla 16, gawanya kwa 8 unapata 2. H = 3 − 2 = 1.

Mtu wa pili naye ana mafungu 2. Kazini 1 hadi 6, nyumbani 3 hadi 8. Yaani kadi 3, 4, 5 na 6 ziko kote kuwili. Mipangilio sasa ni mitatu: kadi 2 kazini tu, 4 kote, 2 nyumbani tu. Jumla 2 + 8 + 2 = 12, gawanya kwa 8 ni 1.5. H = 1.5.

Mtu wa tatu, mafungu 2 yaleyale. Kazini 1, 2, 3, 4. Nyumbani 3, 4, 5, 6. Kadi 7 na 8 kaziacha pembeni, hazimhusu. Mipangilio minne: 2 kazini tu, 2 kote, 2 nyumbani tu, 2 hazipo popote. Kila 2 inatoa 2, jumla 8, gawanya kwa 8 ni 1. H = 2.

Simama hapo uangalie. Linville mwenyewe alieleza kwamba uchangamani ni kuwa na sura nyingi ambazo haziingiliani. Kwa maelezo hayo mtu wa kwanza ndiye angeongoza: sura zake mbili hazigusani kabisa. Fomula imempa namba ya chini kuliko wote! Aliyechanganya kazi na nyumbani kapanda, na aliyechanganya akaacha na kadi mezani kapanda zaidi.

#9 Kimyakimya

Aisee. Nimerudia kwenye karatasi, ni kweli.

#10 KadiMezani

Subiri. Hata kadi ambazo mtu hakuzigusa zinahesabiwa kama fungu?

#11 Bi_Takwimu

Zinahesabiwa kama mpangilio mmoja, "hazipo popote". Ndiyo maana nakuomba urudi kwenye data yako umtafute mtu mwenye fungu moja tu. Lazima utakuwa naye.

#12 KadiMezani

Ninaye. Huyu namkumbuka vizuri. Alizisambaza kadi zote kwanza zikiangalia juu, akawa anazisoma kwa sauti ya chini, na kila iliyomhusu anaivutia upande wake. Alipomaliza akazigonga mezani zikakaa sawa, akaandika juu yake neno moja: "Mimi". Nikamuuliza kama ana fungu jingine, akaniangalia kama nimemuuliza ana vichwa vingapi.

Kadi 16 ndani, 17 nje. Nimekokotoa sasa hivi. H yake ni karibu kabisa na 1.

#13 Bi_Takwimu

Na mwingine ambaye angezigawa kadi zote, 16 fungu moja na 17 fungu la pili bila kurudia, naye angepata ileile. Mwenye nafsi moja na mwenye nafsi mbili wana namba sawa hadi desimali ya mwisho. Na kama yule wako angezitia kadi zote 33 kwenye "Mimi", angepata 0. Tofauti kati ya 0 na 1 hapo haitokani na idadi ya nafsi, inatokana na kadi alizozikataa.

#14 Mzee_wa_Entropi

Nimekuwa nasoma kimya, ila sasa H inaonewa, acheni niitetee kidogo.

H haikuokotwa jalalani. Ni kipimo cha taarifa, ukoo wake ni kazi ya mwanahisabati Claude Shannon ya 1948, na mwanasaikolojia W. A. Scott ndiye aliyeiingiza kwenye kupima jinsi akili inavyopanga mambo, kabla Linville hajaichukua. Maana yake ni nyepesi. Chomoa kadi moja bila kuangalia. Unahitaji maswali mangapi ya ndiyo au hapana ili ujue mtu huyu kaiweka wapi?

Kwa mtu wa kwanza wa Bi Takwimu swali moja linatosha: iko kazini? Ukiambiwa hapana, basi ni nyumbani, biashara imeisha. H = 1. Kwa mtu wa tatu, ukijua kadi iko kazini bado hujui kama iko nyumbani au haipo, ni nusu kwa nusu. Lazima uulize mara ya pili. H = 2. Fomula imefanya kazi yake sawasawa.

Kosa lilikuwa la kuoanisha. H inapenda mafungu yanayojitegemea, yaani kujua moja hakukwambii kitu kuhusu jingine. Linville kwa maneno alitaka mafungu yaliyotengana. Kujitegemea na kutengana si kitu kimoja. Vitu viwili vilivyotengana kabisa vinategemeana sana, kwa sababu kadi ikiwa huku unajua haiko kule. Mnamlaumu mpishi kwa chakula ambacho nyie mlikiagiza vibaya.

#15 Bi_Takwimu

Shikamoo mzee. Hapo sina ugomvi, nakubali ulivyoliweka kuliko nilivyoliweka mimi.

#16 Mzee_wa_Entropi

Marahaba. Endelea mwanangu, nawe usinisubiri.

#17 Bi_Takwimu

Basi njia ya kutoka. Mwaka 1999 Rafaeli-Mor, Gotlib na Revelle walipendekeza tuache kulazimisha mambo mawili kuingia kwenye namba moja. Hesabu idadi ya sura peke yake. Kisha hesabu kuingiliana peke yake: kwa kila jozi ya mafungu, chukua kadi zilizomo kwenye yote mawili, gawanya kwa ukubwa wa fungu unaloanzia, fanya hivyo kwa pande zote mbili, halafu tafuta wastani wa jozi zote.

Kwa watu wetu watatu idadi ya sura ni 2, 2, 2. Kuingiliana: wa kwanza 0. Wa pili ana kadi 4 za pamoja kwenye mafungu ya kadi 6, ni 4/6, kama 0.67. Wa tatu ana 2 kwenye mafungu ya 4, ni 0.5. Sasa angalau unajua kila namba inasema nini. Na ona kwamba aliyekuwa na H ya juu kabisa, wa tatu, si ndiye aliyeingiliana kuliko wote. Kwa hiyo hata useme "basi H ni kipimo cha kuingiliana kilichojificha" bado utakuwa umekosea.

#18 Jiwe_la_Kusagia

Haya, namba moja imekuwa mbili. Kesho zitakuwa tano.

#19 Mti_Pori

Ya tatu naileta mimi, samahani Jiwe 😄

KadiMezani, kati ya kadi zako 33, ngapi ni sifa mbaya?

#20 KadiMezani

Nimezihesabu, ni 14. Mvivu, mwoga, mwenye wivu, mkaidi na kadhalika.

#21 Mti_Pori

Hapo ndipo ningeanza kuchimba. H haisomi kadi. Mtu mwenye huzuni anajikuta "mvivu" kazini, "mvivu" nyumbani, "mwoga" kwa marafiki, "mwoga" kwa wakubwa. Anazigawa sifa mbaya kwenye mafungu mbalimbali kwa mipangilio mingi mingi, na kila mpangilio mpya unaipandisha H. Woolfolk na wenzake mwaka 1995 walikokotoa uchangamani wa sifa nzuri na wa sifa mbaya kila mmoja peke yake, na ule wa sifa mbaya ndio uliokwenda sambamba na sonona. Ukivichanganya, hasi inajificha ndani ya jumla na unajikuta na jedwali kama lako.

Pia tafiti za mada hii zilipokusanywa pamoja na Rafaeli-Mor na Steinberg mwaka 2002, uhusiano wa uchangamani na hali njema ulikuwa dhaifu, wenye kuyumba kutoka utafiti hadi utafiti, na ukiuangalia kwa jumla uliegemea kidogo upande wa hasi. Kwa hiyo mwambie msimamizi wako kwa heshima zote kwamba hujageuza alama. Uko kwenye foleni ndefu.

#22 Dodoso_Refu

Naunga mkono, na naongeza kuhusu kadi zenyewe. Umezitafsiri au umezitunga?

#23 KadiMezani

Nimezitafsiri. Nilikuwa na "mpole", "mtulivu" na "mkimya", kila moja kadi yake.

#24 Dodoso_Refu

Nilijua! Kwa watu wengi hizo tatu zinatembea pamoja, zikienda nyumbani zinakwenda zote. Kadi tatu, mpangilio mmoja, H inashuka bila nafsi ya mtu kubadilika hata kidogo. Halafu "mpole" kwetu ina sura mbili, kuna mpole wa kusifiwa na kuna mpole wa "anaonewa kwa upole wake". Mshiriki mmoja anaiweka na nzuri, mwingine na mbaya, wewe umeiandikia alama moja.

Na usilinganishe H yako na H ya mtu aliyetumia idadi nyingine ya kadi. Kilele kinategemea n. Kwa kadi 33 hakuna anayeweza kuzidi 5.04 hivi. Kwa kadi 8 kilele ni 3.

#25 Pembe_Tatu

Wakuu mimi nina swali la mwanafunzi. Nimesoma mahali kwamba mtu mwenye nafsi nyingi tofauti ana matatizo, yaani kagawanyika. Sasa hapa tunasema ana kinga. Kipi ni kipi?

#26 Mti_Pori

Swali zuri na wengi wanalichanganya. Ulichosoma huenda ni kazi ya Donahue na wenzake ya 1993. Wao hawakutumia mafungu. Waliwapa watu orodha ya sifa wajipime kwenye nafasi 5: mwanafunzi, rafiki, mpenzi, mtoto wa wazazi wake, mfanyakazi. Kisha wakaangalia majibu yanatofautiana kiasi gani toka nafasi moja hadi nyingine. Mwenye kutofautiana sana alikuwa na hali mbaya zaidi kihisia.

Angalia swali lilivyobadilika. Linville anauliza una vyumba vingapi na vina kuta kiasi gani. Donahue anauliza ukitoka chumba hiki kuingia kile, bado ni wewe? Na yupo Jennifer Campbell ambaye dodoso lake la maswali 12 la mwaka 1996 haliulizi vyumba kabisa, linauliza kama unajijua kwa uhakika na kama unavyojiona leo ndivyo utakavyojiona kesho. Mtu anaweza kuwa na sura 7 na akawa na uhakika na kila moja. Mwingine ana sura 2 na zote zina ukungu.

#27 Mzee_wa_Entropi

Hapo kwenye vyumba umenifurahisha, ila usisahau Carolin Showers. Kwake la muhimu ni fanicha. Sifa mbaya umezifungia chumba kimoja, au kila chumba kina nzuri na mbaya? Watu wawili wenye idadi sawa ya mafungu wanaweza kuwa tofauti kabisa kwa hilo tu. Data ya KadiMezani inaweza kujibu swali hilo bila kukusanya hata kadi moja mpya.

#28 Jiwe_la_Kusagia

Mimi bado niko palepale. Ila nakiri yule wa "Mimi" kanikaa kichwani. Mngemuuliza maswali yenu yote angewajibu nini?

#29 KadiMezani

Angezigonga tena kadi mezani tu, mkuu.

Nimekesha. Nilichofanya: nimegawa uchambuzi mara mbili, kadi nzuri na kadi mbaya. Nimehesabu idadi ya sura na kuingiliana kando. Ule uhusiano wangu wa ajabu uko karibu wote upande wa kadi mbaya. Upande wa kadi nzuri hakuna cha kuandika. Idadi ya sura peke yake haina uhusiano wowote na sonona, ila kuingiliana kunao kidogo.

Msimamizi nimempelekea mfano wa kadi 8 wa Bi Takwimu, neno kwa neno. Amekaa nao siku 2. Leo kajibu: H ibaki kwenye kiambatisho, na kwenye sura ya mbinu nieleze kwa nini nilipima mara moja. Habari ya kugeuza alama hajaigusa tena.

#30 Kimyakimya

😂😂 Hawaigusi tena hiyo.

#31 Dodoso_Refu

Usimcheke msimamizi, amekuachia njia. Andika wazi kwamba swali la kinga hukulijibu. Na kama una nafasi ya kuwafuata tena hawahawa washiriki, ongeza orodha ya matukio ya msongo, na safari hii kadi zitangulie dodoso.

#32 KadiMezani

Wengi waliacha namba zao na wakakubali kutafutwa, nitajaribu. Swali la mwisho wakuu, la kiufundi. Kwenye jedwali, mipangilio isiyo na kadi hata moja inaniletea kosa.

#33 Bi_Takwimu

Ni kwa sababu logi ya sifuri haipo. Iruke. Mpangilio usio na kadi uhesabu kama 0, usiulazimishe kuingia kwenye fomula.

#34 KadiMezani

Shukrani. Nilisema la mwisho, samahani, kuna jingine dogo. Mshiriki mmoja ana mafungu 5, manne kayapa majina. La tano lina kadi 3 na juu yake hakuandika kitu. Nilipomkumbusha alishika kalamu, akaitafakari karatasi kitambo, kisha akairudisha ilivyo. Sura nihesabu 4 au 5?

#35 Mzee_wa_Entropi

Kadi zipo?

#36 KadiMezani

Zipo, na hakuna hata moja iliyorudiwa kwingine.

#37 Mzee_wa_Entropi

5.